Siku Tulipofuta Matokeo Yetu

Jioni ya tarehe 28 Oktoba 2015 tulikuwa tumekusanyika kusali rozari, kama ilivyo desturi ya jumuiya yetu kila mwezi wa kumi. Tulikaa kwenye mikeka chini ya mwembe, nyumbani kwa mmoja wetu hapa Bugarama. Baadhi yetu walikuwa wametoka maduarani na vumbi la mawe lilikuwa bado miguuni; wengine walikuwa wamefunga genge mapema ili wawahi. Kabla hatujaanza, kijana mwenye redio ndogo alituambia kwamba Mwenyekiti wa Tume ya Uchaguzi ya Zanzibar, Jecha Salim Jecha, amefuta uchaguzi wa visiwani uliofanyika siku tatu kabla.

Tulianza kuchambua habari ile, na rozari ikasubiri. Mzee mmoja tunayemheshimu akahitimisha mjadala kwa maneno machache: "Kule ni kwa Waislamu. Uislamu na demokrasia havipikiki chungu kimoja." Hakuna aliyebisha. Tulitikisa vichwa, tukaongeza nia moja kwa ajili ya amani ya Zanzibar, tukasali. Tuliwaombea kama mtu anavyomwombea jirani aliyeshindwa kulea watoto wake, huku moyoni akishukuru kwamba wa kwake wametulia.

Tunaandika makala haya kwa sababu maneno yale yaliturudia. Katika miezi mitano iliyofuata sisi wenyewe tulifanya jambo ambalo lilitulazimisha kuuliza upya: je, demokrasia inaweza kutatua matatizo ya watu mahali ambapo wengi ni Waislamu? Na kama imeshindwa mahali, iliyoishinda ni dini, au ni kitu kingine tunachokifahamu vizuri sana hata sisi tunaobatizwa?

Hapa kwetu tuna mzee mmoja mwenye duka la vyombo na vipuri vya pikipiki. Alitoka Pemba, akaja huku kwenye dhahabu baada ya Januari 2001. Sote tumewahi kukopa kwake, na tulimwita Mpemba tu. Jina lake tulikuja kulijua miaka mingi baadaye, jambo ambalo leo linatuaibisha. Asubuhi iliyofuata baadhi yetu tulipita dukani kwake kumpa pole.

"Shikamoo mzee. Pole kwa yaliyotokea kwenu."

"Marahaba. Ahsanteni. Lakini hiyo pole ni ya msiba gani?" akauliza. "Watu wa kwetu walitoka alfajiri kwenda kupiga kura. Walipanga foleni, wazee kwa vijana. Wamekosa nini?"

Tulibabaika. Mmoja wetu akasema kwamba labda mambo ya kura hayaendani na dini yao. Hakukasirika. Alitukumbusha kwamba katika Kurani kuna sura nzima inayoitwa Shura, maana yake kushauriana. Kisha akasema, "Aliyefuta si msahafu, wanangu. Ni mtu aliyeshika kalamu."

Tulirudi nyumbani tukiwa na fikra kwamba anatetea kwao. Baadaye tulianza kusoma na kuulizana, na tukakuta kwamba mambo tuliyokuwa hatuyajui yalikuwa mengi kuliko tuliyoyajua.

Wazanzibari walipiga kura Julai 1957, kabla hata Tanganyika haijafanya uchaguzi wake wa kwanza wa mwaka 1958. Tangu mwanzo watu walizithamini kura zao na matokeo yakawa ya kukaribiana. Januari 1961 jimbo la Chake Chake liliamuliwa kwa tofauti ya kura moja. Juni mwaka huohuo walirudi tena vituoni, zikazuka ghasia na watu 68 wakafa. Mwaka 1963 chama cha Afro-Shirazi kilipata takriban kura 54 katika kila 100, lakini wapinzani wake walioungana wakapata viti vingi zaidi na kuunda serikali. Uhuru ulikuja tarehe 10 Desemba 1963. Tarehe 12 Januari 1964 yakatokea Mapinduzi.

Katika ugomvi huo wote, pande zote mbili zilikuwa za Waislamu. Walioshinda na walioshindwa waliswali kuelekea kibla kimoja. Waligombania ardhi, kazi, asili ya mtu, na nani ahesabiwe kuwa mwenyeji. Hayo si maswali ya msikitini peke yake. Sisi wa ukanda wa dhahabu tunayajua: nani mwenye eneo, nani mgeni, na nani apewe mifuko mingapi ya mawe duara likitoa.

Vyama vingi viliporudi, ukaja uchaguzi wa mwaka 1995. Tofauti kati ya Dk. Salmin Amour wa CCM na Maalim Seif Sharif Hamad wa CUF haikufika hata kura moja katika kila 100. Uchaguzi wa mwaka 2000 nao ukazua mgogoro, na tarehe 26 na 27 Januari 2001 waandamanaji walipigwa risasi na askari. Watu zaidi ya 30 walikufa, wengi wao Pemba, na wengine kama 2,000 wakakimbilia Shimoni, Kenya. Ndiyo Januari iliyomleta mzee wetu wa duka hadi Bugarama.

Ingekuwa habari imeishia hapo, mzee wetu wa jumuiya angekuwa na hoja. Lakini haikuishia hapo. Baada ya miafaka ya mwaka 1999 na 2001 kulegalega, tarehe 5 Novemba 2009 Rais Amani Abeid Karume na Maalim Seif walikutana Ikulu ya Zanzibar na kuanza maridhiano. Tarehe 31 Julai 2010 wananchi waliulizwa kwa kura ya maoni kama wanataka serikali ya umoja wa kitaifa, ambamo chama kinachoshika nafasi ya pili kinatoa Makamu wa Kwanza wa Rais. Karibu theluthi mbili wakasema ndiyo. Oktoba mwaka huo Dk. Ali Mohamed Shein alishinda kwa asilimia 50.1, Maalim Seif akipata 49.1. Nafasi ilikuwa nyembamba kama uzi, na safari ile hakuna aliyezikwa kwa ajili ya kura. Aliyeshindwa aliyakubali matokeo na akaingia serikalini.

Waislamu wa Zanzibar ni zaidi ya watu 95 katika kila 100. Kwa hiyo waliopiga kura ya kupatana walikuwa karibu wote Waislamu. Hakuna aliyewalazimisha kuiacha dini yao ili waweze kupatana.

Hatutaki kuficha upande mwingine wa habari, maana wasomaji wetu wanaukumbuka. Februari 2013 ulikuwa mwezi mchungu kwa Wakristo. Huku kwetu mkoani Geita, Buseresere, ugomvi wa nani ana haki ya kuchinja uligeuka kuwa vita ya mapanga, na mchungaji mmoja akauawa. Siku chache baadaye, Jumapili ya tarehe 17, Padre Evaristus Mushi alipigwa risasi Zanzibar akienda kuadhimisha misa. Tulilia. Tulikuwa na hofu hata ya kununua nyama. Kulikuwa na maridhiano ya vyama visiwani wakati huo, na bado padre akauawa.

Maumivu yale yalikuwa ya haki. Lakini tulipoyatumia kama ushahidi kwamba Waislamu hawawezi kujitawala kwa kura, tulikuwa tunasahau mambo. Novemba 2012 Sheikh Fadhil Soraga, wa Ofisi ya Mufti wa Zanzibar, alimwagiwa tindikali usoni. Waliotaka amani walilengwa wakiwa na kanzu au na kasula. Masheikh wa Uamsho walikamatwa Oktoba 2012, baadaye wakashitakiwa kwa ugaidi, na wengine wakakaa rumande hadi Juni 2021 mashitaka yalipofutwa. Anayewekwa ndani miaka yote hiyo bila hukumu amenyimwa haki, na haki si ya Wakristo peke yao.

Tena, sisi wa Shinyanga tuna kidonda chetu. Katika mkoa huu bibi zetu wameuawa kwa mapanga kwa sababu macho yao ni mekundu, macho yaliyoharibiwa na moshi wa mafiga waliyotupikia miaka yote. Watu wenye ualbino wameuawa na kukatwa viungo. Tumekuwa na chaguzi, tuna makanisa kila kijiji, na mambo hayo yalitokea. Hatujawahi kukubali mtu aseme kwamba Ukristo na demokrasia havipikiki chungu kimoja. Tunasema: ni ujinga, ni tamaa, ni hofu, ni sheria isiyofuatwa. Kwa nini huruma hiyo ya kufikiri tuliwanyima majirani zetu?

Sasa tuje kwenye aibu yetu.

Januari 2016 jumuiya yetu ilifanya uchaguzi wa viongozi. Kwa nafasi ya mwenyekiti walisimama wawili: mzee wetu yule yule, na mama mmoja Muha kutoka Kigoma, mama lishe, aliyekuwa amekaa nasi miaka sita. Kura zilihesabiwa mbele ya wote. Mama alipata 14, mzee 11.

Usiku ule simu zilipigwa. Wengine wetu tulisema mama ni mgeni, kesho keshokutwa atahama. Wengine tulisema mwanamke hawezi kwenda kusuluhisha ugomvi wa wachimbaji. Hayo hatukuyasema hadharani. Hadharani tulisema rejesta ya jumuiya ilikuwa na kasoro: majina mawili yalirudiwa, na mmoja aliyepiga kura alikuwa hajahamisha cheti chake. Wiki iliyofuata tukatangaza kwamba uchaguzi wa mwenyekiti umefutwa. Katibu na mweka hazina, waliochaguliwa jioni ile ile kwa rejesta ile ile, tuliwaacha.

Mama hakubishana. Alikunja kanga yake, akatuaga vizuri, akaondoka. Februari tulirudia uchaguzi. Familia kumi na moja hazikuja. Mzee wetu alipata kura zote isipokuwa moja, nasi tukapiga makofi.

Dominika ya Matawi, tarehe 20 Machi 2016, Wazanzibari nao walirudia uchaguzi wao. CUF ilisusia, na Dk. Shein akatangazwa mshindi kwa zaidi ya asilimia 91. Tulikuwa tumetoka kanisani na matawi yetu mkononi, na habari zilipofika siku iliyofuata yule kijana wa redio alicheka akasema, "Ushindi gani huo wa kucheza peke yako?" Hakuna aliyecheka naye. Mama mmoja, mke wa mzee wetu, akauliza kwa sauti ya chini, "Na sisi je?"

Ndipo tulipoona. Jecha alitaja kasoro; nasi tulitaja kasoro. Kura za Muungano zilizopigwa Zanzibar siku ile ile na katika vituo vile vile hazikufutwa. Nasi katibu na mweka hazina tuliwaacha. Kule walisusia, kwetu walibaki nyumbani. Sisi hatukuwa na jeshi, wala ikulu, wala mafuta, wala Kurani. Tulikuwa na msalaba ukutani, rejesta ya daftari la kurasa mia moja, na mtu ambaye hatukutaka ashinde.

Matunda yake tuliyaona haraka. Mwezi Mei tulipata msiba, na familia zile kumi na moja zilikuja kuzika lakini zikapika kando. Waombolezaji wa nyumba moja walikuwa na masufuria ya makundi mawili na madaftari mawili ya rambirambi. Kikoba cha akina mama kilivunjika. Wageni waliuliza kama sisi ni madhehebu mawili.

Katekista wetu hakutukaripia. Alitusomea sura ya sita ya Matendo ya Mitume na kutuomba tusikilize majina. Kanisa la kwanza la Yerusalemu lilikuwa na manung'uniko: wajane wa Wayahudi waliosema Kigiriki walikuwa wakisahauliwa katika mgawo wa kila siku. Mitume hawakusema kwamba hao wageni ni wakorofi, wala hawakuwahesabia rejesta. Waliwaambia waumini wenyewe wachague watu saba wa kusimamia mgawo. Na majina yote saba, kuanzia Stefano, ni ya Kigiriki. Wengi walikabidhi chakula mikononi mwa upande ule ule uliokuwa unalalamika. Tulikuwa tumelisikia somo hilo mara nyingi, na hatukuwahi kuyaangalia majina.

Tulikwenda kwa mama, watu sita, mzee wetu akiwa mbele. Tulimkuta akichambua mchele. Mzee alipiga goti, jambo ambalo mtu wa umri wake halifanyi kirahisi huku Usukumani, akaomba radhi. Mama alimwinua. Uenyekiti hakuutaka tena. Aliomba mambo matatu: rejesta isomwe mbele ya wote kabla ya kupiga kura na si baada ya kuhesabu, matokeo yakishasomwa yasifutwe na walewale waliogombea, na yule atakayeshindwa, upande wake utunze sanduku la fedha. Mwaka 2017 tulichagua upya kwa masharti hayo. Familia saba zilirudi. Nne hazijarudi mpaka leo, na hatuwezi kuzilaumu.

Tulipomsimulia mzee wa duka, alisikiliza hadi mwisho. "Basi hayo aliyoyaomba huyo mama," akasema, "ndiyo watu wa kwetu waliyokuwa wakiyaomba."

Kwa hiyo tunajibu hivi lile swali. Demokrasia inaweza kuwasaidia watu wa nchi za Waislamu kama inavyoweza kutusaidia sisi, na inawashinda kwa sababu zile zile zinazotushinda sisi. Senegal, ambako Waislamu ndio wengi mno, iliongozwa na Mkatoliki, Léopold Sédar Senghor, tangu uhuru mwaka 1960 hadi alipoachia madaraka kwa hiari mwishoni mwa mwaka 1980. Somaliland, ambayo wakati huo mataifa yalikuwa hayajaitambua, ilifanya uchaguzi wa rais mwaka 2003 na tofauti iliyotangazwa ilikuwa kura 80 tu. Ahmed Mohamed Silanyo, aliyeshindwa, alikwenda mahakamani badala ya kwenda msituni, na mwaka 2010 akashinda. Na majirani zetu Wakristo? Rwanda ya mwaka 1994 ilijaa wabatizwa. Kenya, tarehe 1 Januari 2008, watu waliokimbilia kanisa la Kiambaa karibu na Eldoret walichomwa moto humo ndani kwa ajili ya matokeo ya uchaguzi. Msikiti haukuwazuia wale kufanya vema, wala kanisa halikuwazuia hawa kufanya vibaya.

Yapo ambayo kura haiwezi. Haiwezi kumfufua padre, wala kumrudishia mzee wa duka nduguze aliowazika mwaka 2001. Haiwezi kumfanya mwenye nguvu akubali kushindwa, kama hajakubali rohoni kwamba mwenzake ni mtu kama yeye. Maridhiano ya mwaka 2009 yalitangulia kura ya 2010, ndiyo maana kura ile ikaleta amani. Maalim Seif, baada ya yote, aliingia tena katika serikali ya umoja Desemba 2020, akafariki tarehe 17 Februari 2021 akiwa Makamu wa Kwanza wa Rais. Wapo waliomlaumu kwa kurudi. Sisi, tuliomwona mama lishe akimwinua mzee aliyepiga goti, hatumlaumu.

Jumuiya nyingi zitakazosoma kitabu hiki zitakuwa na uchaguzi wao siku moja. Tunawaomba mambo madogo: someni rejesta mapema, hesabuni mbele ya watu, na kabla ya kupiga kura kila mmoja ajiulize kama yuko tayari kuongozwa na yule asiyempenda. Asiyekuwa tayari aseme mapema, asingoje kutafuta kasoro baadaye.

Mzee wetu bado yuko nasi. Yale maneno ya chungu kimoja hayasemi tena. Oktoba inapofika tunakaa chini ya mwembe ule ule, na nia ya kuiombea Zanzibar bado tunaitaja. Tunaitaja pamoja na zile familia nne, katika fumbo moja la rozari.